Mwongozo, Jina na Ushahidi: Vitabu vya Njia katika Pwani ya Ras Kamboni na Visiwa vya Wabajuni

Mwishoni mwa mwaka 2018 kampuni ya Prima Games ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1990, ilitangaza kwamba ingeacha kuchapisha miongozo ya michezo ya video. Kwa takriban miaka thelathini vitabu vyake vilimwambia mchezaji mambo yale yale: adui amejificha wapi, mlango wa siri uko ukuta gani, njia ipi ina hazina na ipi ni mtego. Nintendo ilikuwa imekwisha kutoa mwongozo wake rasmi mwaka 1987. Kilichoiua biashara hiyo ni intaneti, ambamo tangu 1995 wachezaji wenyewe walikuwa wakipeana maelezo bila malipo katika tovuti ya GameFAQs. Vitabu vilipokosa matumizi vikapata thamani nyingine: leo wakusanyaji hutafuta nakala safi, isiyoandikwa kalamu pembeni, yenye ramani yake ya kukunjwa ambayo haijachanika.

Msomaji wa Afrika Mashariki analijua neno mwongozo kwa maana iliyo jirani na hiyo. Katika maduka ya vitabu ya Nairobi na Mombasa, mwongozo ni kile kijitabu kinachouzwa kando ya riwaya au tamthilia teule, nacho humweleza mwanafunzi dhamira, wahusika na maswali yanayotarajiwa. Lalamiko la walimu juu yake ni la zamani: mwanafunzi husoma mwongozo, akaiacha riwaya, akafaulu, mwenzake aliyeisoma riwaya yote huanguka kwa sababu jibu lake halikufanana na la kitabu. Lalamiko hilo lina uzito kuliko linavyodhaniwa. Mwongozo uliochapishwa humpa asiyeipita njia maarifa ya aliyeipita, kisha hugeuka kuwa kipimo ambacho hata aliyeipita hupimwa nacho. Katika michezo hasara yake ni ndogo. Makala haya yanaifuatilia hali hiyo hiyo mahali ambapo hasara yake imekuwa mpaka wa bahari na haki ya hifadhi.

Ras Kamboni iko kusini kabisa mwa pwani ya Somalia, karibu na mpaka wa Kenya. Kutoka hapo kwenda kaskazini hadi karibu na Kismayo umetandazwa mlolongo wa visiwa vya matumbawe sambamba na bara: miongoni mwavyo ni Chula, Chovai, Ngumi na Koyama. Wenyeji wake ni Wabajuni, wavuvi na mabaharia ambao lahaja yao, Kibajuni, inahesabiwa miongoni mwa lahaja za kaskazini za Kiswahili. Katika maji hayo chombo kinaweza kupita ndani, kati ya kisiwa na bara, au nje, upande wa bahari kuu. Kuchagua njia hutegemea msimu, kina cha maji kupwa, ukubwa wa bamvua na uwezo wa nahodha kuoanisha alama mbili za nchi kavu ili ajue mwamba uko wapi chini ya maji. Elimu hiyo ilifundishwa chomboni. Kijana aliingia akiwa mtumishi, akatoka nahodha baada ya misimu mingi ya kusi na kaskazi.

Kuandikwa kwa njia hiyo kulianza mapema, na kulianzia mbali. Mwongozo wa Bahari ya Eritrea, ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, unaipitia pwani iliyoitwa Azania kituo kwa kituo, ukitaja Sarapion, Nikon na visiwa vya Pyralaai, ambavyo wataalamu wengi huviweka katika eneo la Lamu na visiwa vya Wabajuni. Maandishi hayo yameokoka hasa kwa sababu ya muswada mmoja wa karne ya 10 uliohifadhiwa Heidelberg, nayo yalichapishwa kwa mara ya kwanza Basel mwaka 1533. Karne ya 15 Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar katika Ghuba, alitunga urjuza ya njia ya kwenda Sofala. Aliitunga kwa mashairi kwa kuwa shairi hushikika kichwani gizani, wakati karatasi haisomeki. Urjuza hiyo nayo iliishia mbali na pwani iliyoihusu: muswada wake uko katika mji ulioitwa Leningrad, na T. A. Shumovsky aliuchapisha mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya Kirusi. Mtafiti wa Mombasa anayetaka kuusoma mwongozo wa kale wa bahari yake hana budi kupitia Heidelberg na Urusi.

Hata hivyo, kilichobadilisha mambo katika pwani hii ni kitabu cha matumizi ya kila siku. Kati ya 1822 na 1826 Kapteni William Fitzwilliam Owen wa Jeshi la Wanamaji la Uingereza, akiwa na meli za Leven na Barracouta, alipima pwani ya mashariki ya Afrika huku homa ikiwaua mabaharia wake wengi. Katika miaka ya 1860 Ofisi ya Hidrografia ya jeshi hilo ikachapisha Africa Pilot ya pwani za kusini na mashariki, kitabu ambacho warithi wake bado hutolewa hadi leo. Muundo wake ungemfurahisha mchezaji wa michezo ya video. Humwongoza msomaji kutoka rasi hadi rasi, humwonyesha pa kutia nanga na pa kuepuka, humpa upepo wa kila msimu, na hudhani kwamba hajawahi kufika. Rubani wa nchi, ambaye maarifa yake mara nyingi yalikuwa ya uhakika zaidi kuliko ya kitabu, kwa kawaida hatajwi kwa jina.

Kitabu cha namna hiyo hakikusudiwi kudumu. Marekebisho hutolewa mara kwa mara, nyongeza hufuata, kisha toleo jipya hulifuta la zamani, na nahodha mwangalifu huitupa nakala iliyopitwa, kwa kuwa kuitumia ni hatari. Ndiyo sababu matoleo ya zamani ni adimu na yana bei kwa wauzaji wa vitabu vya kale. Hapa maslahi ya mkusanyaji na ya mwanahistoria yanaachana. Mkusanyaji anataka nakala safi. Mwanahistoria anaitaka ile chafu, ambayo pembeni mwake nahodha ameandika kwa penseli kwamba mti uliotajwa kuwa alama umeanguka, au kwamba wenyeji wanakiita kisiwa kwa jina jingine. Bei ya soko huokoa nakala ya kwanza na kuiacha ya pili ipotee. Na kumbukumbu za taifa zinazonunua kwa kufuata ladha ya soko zitanunua kitabu kisichosema neno.

Madhara ya uchapishaji yanaonekana wazi zaidi katika majina. Vitabu na ramani za Waingereza ziliiita rasi hii Dick's Head. Waitaliano, baada ya kuipata Jubaland, waliandika Ras Chiamboni. Kwa tahajia yao ch husomwa k, kwa hiyo walikuwa karibu na matamshi ya wenyeji, lakini kila aliyeinakili ramani hiyo bila kujua Kiitaliano alilisoma jina vingine. Kwa Chula na Chovai hali ni kinyume. Ramani kadhaa zina Tula na Tovai, yaani maumbo yenye t pale ambapo Kibajuni kina ch. Tofauti hiyo ni kanuni ya sauti inayojulikana kwa wanaisimu. Kwa karani asiyeijua, Tula na Chula ni visiwa viwili.

Karatasi hizo ziliingia katika sheria. Kwa mkataba uliotiwa saini London tarehe 15 Julai 1924 Uingereza iliikabidhi Italia Jubaland, na tume ya mpaka ikafanya kazi yake kati ya 1925 na 1927. Makubaliano ya Desemba 1927, yaliyothibitishwa kwa kubadilishana barua mwaka 1933, yaliupeleka mpaka hadi baharini mahali palipoandikwa Dar Es Salam (si jiji la Tanzania, bali sehemu ya pwani karibu na Ras Kamboni) na kuviacha visiwa vidogo vya Diua Damasciaca upande wa Italia. Jina hilo la pili limevaa vazi la Kiitaliano: sci hutamkwa sh, hivyo sikio la pwani lingesikia Damashaka. Somalia ilipoishitaki Kenya mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki tarehe 28 Agosti 2014, mabishano yalirudi katika maandishi hayo, kigingi cha mpaka namba 29 kikiwa mwanzo wa kupimia. Hukumu ya tarehe 12 Oktoba 2021 ilikataa hoja ya Kenya kwamba mpaka wa bahari uliofuata mstari wa latitudo ulikuwa umekubaliwa kwa kimya cha Somalia. Mahakama haikutaka visiwa vidogo vya pwani hiyo vipindishe mstari, ikaweka vituo vyake vya kupimia katika nchi kavu ya bara. Kisha, nje ya bahari ya mamlaka, iliusogeza mstari wa kati kuelekea kaskazini, kwa faida kiasi ya Kenya. Kenya haikushiriki katika vikao vya mdomo vya Machi 2021, na iliikataa hukumu.

Kwa washauri wa sera jambo moja katika shauri hilo linafaa kuzingatiwa. Karibu kila jina na kila mstari uliobishaniwa ulitokana na karatasi iliyochapishwa na dola mbili za Ulaya. Wavuvi wa pande zote mbili za mpaka, ambao majina yao ya miamba na milango ya maji ni mengi kuliko yaliyomo katika ramani, hawakuwa na kitabu cha kuweka mezani. Si kwamba majina yao yangebadilisha hukumu, huenda yasingeibadilisha. Lakini shauri lijalo, la uvuvi au la hifadhi ya bahari, litakuta meza ile ile.

Sura nyingine ya mwongozo ilifunguliwa na vita. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, Wabajuni wengi, wachache wasio na ukoo wenye silaha wa kuwalinda, walikimbilia kwa vyombo hadi Mombasa na kambi zake, na baadhi yao wakaendelea hadi Ulaya. Maofisa wa uhamiaji walihitaji kujua nani Mbajuni wa Somalia na nani Mswahili wa Kenya. Mwaka 2000 ujumbe wa pamoja wa Uingereza, Denmark na Uholanzi ulikusanya habari jijini Nairobi na kutoa taarifa juu ya makundi madogo ya Somalia, Wabajuni wakiwamo. Taarifa za namna hiyo zilikuwa msaada wa kweli kwa maofisa ambao hawakuwa wamewahi kulisikia jina la Chovai. Lakini zilifanya kazi ya mwongozo wa mtihani. Mwombaji aliulizwa visiwa vimepangana vipi, kisima kiko wapi, samaki gani huvuliwa. Jibu likalinganishwa na karatasi.

Ugumu wake ni ule ule wa mwanafunzi na riwaya. Asiyewahi kufika anaweza kuikariri orodha. Aliyezaliwa Koyama akachukuliwa mgongoni akiwa mtoto, akakulia kambini Mombasa, huenda asijue mpangilio wa visiwa. Na Kiswahili chake kitakuwa na sauti za Mombasa, hata kama nyumbani mama yake alisema Kibajuni. Uchambuzi wa lugha uliotumiwa katika maombi hayo ulizua mjadala mkali. Mwaka 2004 kundi la wanaisimu lilitoa kanuni za kimataifa zilizosisitiza kwamba lugha huonyesha mahali mtu alipolelewa kijamii, si uraia wake, na kwamba uamuzi wa uraia si kazi ya mwanaisimu. Kanuni hizo ni sahihi, ila hazitoshi kwa jamii ambayo malezi yake yamegawanyika pande mbili za mpaka tangu zamani. Hapa kilichokosekana ni maandishi ya kutosha ya Kibajuni chenyewe, yenye tofauti za kisiwa na kisiwa na za kizazi na kizazi.

Kazi kubwa kuhusu jamii hii ipo, lakini imetawanyika. Vinigi Grottanelli alichapisha Roma mwaka 1955 utafiti wake juu ya wavuvi hawa, kwa Kiitaliano. Neville Chittick alieleza magofu ya pwani hiyo katika jarida la Azania mwaka 1969, kwa Kiingereza. Derek Nurse amekieleza Kibajuni kwa miaka mingi, kwa Kiingereza pia. Tangu 2007, mapigano yaliyofika hadi Ras Kamboni yenyewe yameufanya utafiti wa mahali penyewe kuwa mgumu mno. Wakati huo huo uchapishaji wa karatasi unafungwa: mwaka 2022 Ofisi ya Hidrografia ya Uingereza ilitangaza mpango wa kuondoa ramani za bahari za karatasi, kisha ikaahirisha hadi angalau 2030. Ramani ya kielektroniki hujisahihisha bila kuacha nakala ya jana mikononi mwa mtumiaji, na jina lililofutwa humo halina pembe ya ukurasa ya kujificha.

Hifadhi za nyaraka za Nairobi na Zanzibar, pamoja na vyuo vikuu vya kanda, zinaweza kuanza na jambo dogo: kukusanya matoleo yaliyofutwa ya Africa Pilot na ramani za Kiitaliano za pwani hii, hasa nakala zilizotumika, kisha kuyasoma majina yake mbele ya manahodha Wabajuni walioko Mombasa, Lamu na ughaibuni, na kuwarekodi wanaposahihisha. Nahodha aliyekuwa na miaka 30 alipoondoka Chula mwaka 1991 sasa amepita 60, na wengi wa waliomfundisha hawapo tena.