Mteka Maji wa Msikiti

Ibn Battuta, msafiri na mwanachuoni wa Tanja, alipopita Mombasa mwaka 1331 akielekea Kilwa, alikuwa amekwisha kuhiji Makka na kuona fahari za masultani wengi, wala hakudharau kuandika habari za visima. Asimulia kwamba misikiti ya mji ule ilijengwa kwa mbao, kwa ustadi mkubwa, na mlangoni pa kila msikiti palikuwa na kisima kimoja au viwili, vyenye kina cha dhiraa moja au mbili tu, ambamo watu waliteka maji kwa chombo cha mti chenye mpini mwembamba. Na kwa kuwa wote walikwenda miguu mitupu, kila aingiaye aliosha miguu kwanza, kisha akaifuta kwenye jamvi nene lililowekwa mlangoni.

Ada hiyo haikuwa ya Mombasa peke yake, maana hata katika magofu ya Gedi, karibu na Malindi, aliyoanza kuyafukua James Kirkman mwaka 1948, msikiti mkuu una kisima chake na birika lake. Udhu ni sharti la sala, na birika halijijazi lenyewe: kabla ya alfajiri ilibidi pawe na mtu wa kuitumbukiza ndoo kisimani, kuvuta kamba, kumimina, na kurudia hivyo hivyo mpaka maji yawatoshe imamu, tajiri na maskini pamoja.

Katika kibla ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, limechorwa jina la Sheikh Abu Imran Musa bin Hasan, aliyeamuru ujengwe mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Jina la aliyeteka maji yake halikuchorwa popote. Wala tusisahau kwamba utumwa ulidumu kisheria Unguja hadi 1897, na katika pwani ya Kenya hadi 1907, na kuteka maji kulikuwa miongoni mwa kazi walizotwishwa watumwa. Jasho lililotolewa kwa kulazimishwa tusilipambe kwa jina la ibada. Hesabu yake iko kwa Mola, na dhuluma ni ya aliyelazimisha.

Lakini yule aliyeamka kwa hiari yake, akaishika kamba kwa ajili ya Mungu, ana mfano wake Madina. Wapokezi wa hadithi wanasimulia habari za mwanamke mweusi aliyekuwa akiufagia msikiti wa Mtume. Alipofariki, masahaba walimzika bila kumwarifu Mtume, kana kwamba jambo lake ni dogo. Mtume alipouliza habari zake na kuambiwa, aliwalaumu, akataka aonyeshwe kaburi, akamsalia.

Kwa hiyo jamaa wa msikiti wanaomheshimu khatibu, na huku hawamjui hata kwa jina anayesugua birika, hawajaifuata sunna hiyo. Wamwulize hali yake angali hai, wamlipe ujira wake kwa wakati, na wamwombee dua pamoja na waliojenga. Kwani kuta zilijengwa mara moja, na maji hutakiwa kila sala.