Si Kila Protini ni Shehena

Seli za mwili hutoa vifuko vidogo mno vilivyofumbatwa na utando wa mafuta, vingine vikiwa na kipenyo kisichofika nanomita 100. Vimo katika damu, mkojo, mate na maziwa ya mama. Jina lao la kimataifa limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya kibofu kidogo, na mfasiri mwenye haraka ataandika "vibofu". Atampoteza msomaji, kwa kuwa vitu hivi huchunguzwa sana kwenye mkojo. Neno jingine, kilengelenge, nalo ni la aliyeungua. Nachukua kifuko, ambacho wanafunzi wamekizoea katika vifuko vya hewa vya mapafu.

Vifuko vya wapi? Mwaka 1987 Rose Johnstone na wenzake wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, wakichunguza chembe nyekundu changa za damu ya kondoo, waliviita vifuko vilivyotolewa nazo eksosomu. Jina likaenea hadi likabandikwa kila kifuko. Lakini eksosomu hutengenezwa ndani kabisa ya seli, ilhali vifuko vingine huchipuka kwenye utando wa nje, na vikishachanganyika ni vigumu kujua kipi kilizaliwa wapi. Kwa hiyo "vifuko vya nje ya seli" ndilo jina aminifu: linataja mahali vilipookotwa, basi.

Uaminifu huohuo naudai kwa protini za vifuko hivi. Watafiti huzoea kuziita mzigo, nasi tuna neno zuri zaidi, shehena. Nalipenda, ila lisitumike ovyo. Ubao wa jahazi si shehena ya jahazi. Protini za CD9, CD63 na CD81, zinazotumika sana kuvitambulisha vifuko hivi, zimepenya kwenye utando wenyewe. Hizo ni ubao. Albumini ya damu mara nyingi imenata kwa nje, au imeponyoka tu wakati wa kusafisha sampuli.

Spektromita ya tungamo, mashine ya kutambua protini, haitutofautishii makundi haya. Kabla ya kupimwa, vifuko huvunjwa na protini hukatwa vipande vipande, kwa hiyo orodha ndefu inayopatikana haisemi nani alikuwa ndani na nani alikuwa nje. Inabidi sampuli nyingine ya vifuko vizima itiwe kimeng'enya kinachokata protini. Zilizo nje hukatwa. Zilizo ndani hukingwa na utando. Kisha sehemu ya sampuli hiyo hutiwa sabuni ya maabara pamoja na kimeng'enya, utando unapasuka, na protini iliyosalimika mwanzo sasa nayo inakatwa. Hapo ndipo inapothibitika kwamba ilikingwa na utando, wala si kwamba ni ngumu kukatika.

Protini iliyopita jaribio hilo naiita shehena bila wasiwasi. Zilizokaa kwenye utando ni protini za utando, zilizonata ni protini za juujuu. Na orodha ambayo haijachujwa hivyo iitwe "protini zilizopatikana pamoja na vifuko vya nje ya seli", hata kama jina ni refu.