Msiba, Huzuni na Pole: Historia Fupi ya Msamiati wa Majonzi katika Kiswahili

Mwanamke aliyeondokewa na mumewe husemwa kwa Kiswahili kwamba amefiwa. Kitenzi hiki kimejengwa juu ya mzizi -f- wa kufa, kikaongezewa kiambishi cha kutendea na kile cha kutendwa. Aliyekufa ni mmoja, lakini kitenzi kimebeba watu wawili. Zaidi ya hayo, katika sentensi "amefiwa na mumewe", kiunganishi na kimekaa pale pale kinapokaa katika "ameitwa na mumewe" au "amesaidiwa na mumewe", yaani mahali pa mtenda. Kisarufi, kifo ni jambo ambalo marehemu amemtendea yule aliyebaki. Hata kabla ya kutajwa huzuni yoyote, sarufi yenyewe imekwisha kumtambua mfiwa kuwa ni mhusika katika kifo.

Mwanafunzi anayefungua kamusi ili kuelewa msamiati wa majonzi hukabiliwa na tatizo la aina nyingine. Aghalabu huzuni hufafanuliwa kwa majonzi, majonzi kwa simanzi, simanzi kwa jitimai, na jitimai humrejesha kwenye huzuni. Fasili za namna hii si za uongo, lakini hazimwelezi kwa nini mtu husema "naenda msibani" na kamwe hasemi "naenda huzunini". Wala hazimwelezi kwa nini aliyejikwaa barabarani na aliyezika mwanawe huambiwa neno moja, pole. Majibu ya maswali haya yamo katika historia ya maneno na katika matumizi yake ya kila siku.

Tukio na moyo: maneno yenye asili ya Kiarabu

Msiba ni neno lililotokana na Kiarabu muṣība, na shina lake lina maana ya kupata au kupiga shabaha. Kitenzi sibu, kama katika "lililomsibu", ni cha ukoo huo huo. Kwa asili, basi, msiba ni jambo linalompata mtu kama mshale unavyoipata shabaha, na si lazima liwe kifo. Maana hiyo pana ingali hai katika methali isemayo "Msiba wa kujitakia hauna kilio". Hata hivyo, katika mazungumzo ya kawaida, hasa nchini Tanzania, maana ya neno imepitia hatua mbili. Kwanza ilifinyika kutoka balaa lolote hadi kifo. Kisha ikahama kutoka kifo hadi mkusanyiko wa waombolezaji na mahali wanapokutana. Ndiyo maana huulizwa, "Msiba uko wapi?", na jibu huwa ni jina la mtaa. Pigo la mtu mmoja limegeuka kuwa mahali pa kuendwa na wengi.

Huzuni, kutoka Kiarabu ḥuzn, haikuihama nafsi ya mtu. Huzuni ipo moyoni au usoni. Mtu huwa nayo, humjaa, au humtoka. Inaweza kusababishwa na kifo, na inaweza kusababishwa na barua isiyojibiwa. Kwa hiyo maneno haya mawili, yaliyoingia kutoka lugha moja, yamegawana kazi: msiba ni wa jamii, huzuni ni ya mtu. Mtu anaweza kuwa na msiba asionyeshe huzuni, na anaweza kuwa na huzuni pasipo msiba.

Safari iliyo ndefu kuliko zote ni ile ya jozi ya hamu na ghamu. Katika Kiarabu, hamm ni wasiwasi unaomsumbua mtu, na ghamm ni majonzi. Ghamu ikiwa peke yake imehifadhi maana hiyo, hususan katika lugha ya ushairi. Lakini msemaji wa leo anayesema kwamba anamsubiri mgeni "kwa hamu na ghamu" hana huzuni hata kidogo, anaeleza shauku. Daraja kati ya maana hizi mbili si gumu kuliona. Anayemtamani asiyekuwepo hukosa utulivu, na kukosa utulivu huko kunafanana sana na majonzi. Mfano huu unaonya dhidi ya kosa la kudhani kwamba asili ya neno ndiyo maana yake. Asili huonyesha neno lilikotoka. Lilikofika huonyeshwa na wasemaji.

Wenye kilio: maneno yenye asili ya Kibantu

Upande wa pili yapo maneno ambayo hayakukopwa. Ukiwa ni hali ya kuachwa peke yake, nayo husemwa kwa mtu aliyefiwa na vilevile kwa mji uliohamwa. Uchungu ni ladha ya mwarubaini, ni maumivu ya mwanamke anayejifungua, na ni maumivu ya aliyefiwa. Kwa neno hilo moja, lugha imeunganisha mlango wa kuingilia duniani na ule wa kutokea. Kilio ni sauti ya kulia, na kwa kupanuka kwa maana ni kifo chenyewe na shughuli zake. Methali "Kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia" huweka utaratibu: majirani wana wajibu wa kulia, lakini hawana haki ya kumtangulia mwenye kilio.

Utaratibu huo ndio unaobebwa na neno matanga. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inalieleza kuwa kipindi cha kukaa pamoja kwa ajili ya maombolezo. Matanga "hukaliwa", kisha "huondolewa" au "huanuliwa", kama vile vitu vilivyotandazwa nje vinavyoanuliwa. Vitenzi hivi vinaonyesha kwamba majonzi ya pamoja yana mwanzo na mwisho unaojulikana. Katika miji ya pwani, sheria ya Kiislamu iliongeza mipaka yake. Mjane hukaa eda ya miezi minne na siku kumi, na katika muda huo huitwa kizuka, neno ambalo pia humaanisha kiumbe cha kutisha kinachotokea ghafla. Jina hilo linakumbusha kwamba jamii haikumtazama mjane kwa huruma tu. Ilimtazama pia kwa hofu.

Neno matanga halikusimama mahali pamoja. Nchini Kenya limeenea mbali na pwani, na likazaa msemo "disko matanga", yaani ngoma za usiku zinazopigwa kwenye maombolezo, ambazo viongozi wa serikali wamezipiga marufuku mara kadhaa. Wapo wanaouona msemo huo kuwa ni kejeli kwa marehemu. Hata hivyo, mkesha wenye nyimbo si jambo geni. Mbolezi ni utanzu unaotambuliwa wa fasihi simulizi. Kilichobadilika ni nani anayeimba na kwa ajili ya nani.

Lugha ya dola na lugha ya jirani

Katika karne ya 20 uandishi, dini na redio viliyapa baadhi ya maneno haya sauti mpya. Shaaban Robert alimlilia mkewe Amina kwa shairi, na hivyo majonzi ya nyumba moja yakawa mali ya wasomaji wote. Maombolezo, jina la kitabu katika Biblia ya Kiswahili, likawa pia neno la serikali. Mwalimu Julius Nyerere alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999, Watanzania walitangaziwa siku 30 za maombolezo. Taifa haliwezi kukaa matanga kwenye mkeka mmoja. Lilihitaji neno lisilodai ujirani.

Pole, kwa upande wake, imebaki kuwa ya jirani. Ni ya ukoo mmoja na poa na poza: kupungua joto, kutulia. Anayesema pole haombi radhi, wala hadai kwamba anahisi anachohisi mwenzake. Anamtakia utulivu. Ndiyo maana neno hilo linamfaa aliyejikwaa na aliyefiwa. Tofauti yao ni ya kiasi cha moto. Na jibu linalosikika mara nyingi, "Nimeshapoa", ni la shina lile lile. Huenda si kweli kwamba mfiwa amepoa, lakini kwa kusema hivyo amempokea mgeni wake.

Leo pole hutumwa kwa ujumbe wa simu, na rambirambi, ambayo ni maneno ya kufariji na pia fedha ya kumsaidia mfiwa, hutumwa kwa njia hiyo hiyo. Hilo si uharibifu wa lugha. Ubani nao ulikuwa ni uvumba kabla ya kuwa jina la fedha zinazopelekwa kwa wafiwa. Hatari ya kweli iko kwingine. Mfasiri wa hojaji ya hospitali akichagua neno huzuni peke yake, atakuwa amemuuliza mgonjwa juu ya moyo wake tu. Hatakuwa amemuuliza kama amefiwa, kama matanga yalikaliwa, kama yupo aliyekuja kumwambia pole. Mjane anaweza kujibu kwamba hana huzuni, na akawa amesema kweli, ilhali ukiwa unammaliza.

Kwa sababu hiyo, kazi ya mwanaleksikografia haikomi kwenye kupanga visawe. Kila neno la majonzi linapaswa kuandikwa pamoja na kitenzi chake: huzuni humjaa mtu, msiba humpata, kilio huanzwa, matanga hukaliwa na kuanuliwa, rambirambi hutolewa, pole hupokewa. Katika vitenzi hivyo msomaji ataona nani anaumia, nani anakuja, na ni lini wanaagana.