Maradhi ya Karungu Kabla ya Kuitwa Malale

Mtu asimamaye leo ufukoni Sori, akizitazama mashua za wavuvi wa omena na mbuta zikiingia katika hori ya Karungu, haimwii rahisi kusadiki ya kwamba pwani hii ya ziwa, ambapo Waingereza waliweka boma lao kabla ya makao kuhamishiwa Kisii, ilikuwa mwanzoni mwa karne iliyopita miongoni mwa sehemu zilizotiwa khofu na maradhi ambayo hapakuwa na aliyejua asili yake.

Maradhi hayo hayakuja kwa kishindo. Yalianza kwa homa iendayo na kurudi, kichwa kuuma na tezi za shingo kuvimba, mambo ambayo kila mkaazi wa ziwani ameyazoea. Kisha, baada ya miezi au hata miaka, misuli ikalegea kidogo kidogo, ulimi na vidole vikatetemeka, maneno yakawa mazito kinywani, mwendo ukawa wa kuburura miguu, na hata kujigonga kidogo tu kukaleta maumivu makali ambayo jamaa wa mgonjwa waliyadhania kuwa ni deko. Waganda waliyaita mongota, kwa kule kusinzia, Wajaluo nyalolwe, nasi twayaita malale. Majina ya usingizi, kwa maoni yangu, ni majina ya mwisho wa safari: hayamfai kitu yule aliye mwanzoni, ambaye bado yu macho, ila mkono wake umeacha kumtii.

Wala tusidhani kwamba matabibu walikuwa na yakini zaidi ya mafundi wa mizizi. Mwaka 1901 ndugu wawili, Albert na Jack Cook, waliwatambua wagonjwa wa kwanza katika hospitali ya Mengo. Mwaka uliofuata Royal Society ya London ikatuma tume ya watu watatu, Low, Castellani na Christy, nao wasiafikiane. Palikuwa na dhana kwamba kisa ni mnyoo mdogo wa damuni, Filaria perstans. Castellani akashikilia kuwa ni bakteria. Aliyeivunja dhana ya mnyoo ni Christy, kwa miguu yake kuliko kwa darubini, maana alizunguka kando ya ziwa akiandika ni wapi maradhi yapo na ni wapi mnyoo upo, na huku kwetu Kavirondo akakuta maradhi pasipo mnyoo. Castellani naye, akichungua maji ya uti wa mgongo, aliona vijidudu vya tripanosoma, asijue vina maana gani. Hata David Bruce alipowasili mwaka 1903, ambaye alikwisha kuvijua kwa ng'ombe wa Zululand, ndipo mbung'o akashitakiwa kuwa ndiye avienezaye.

Sababu ikajulikana, shifaa isijulikane. Robert Koch alipiga kambi visiwa vya Sese mwaka 1906, akiwadunga wagonjwa dawa ya atoksili, yenye zarniki ndani yake, na baadhi yao wakapofuka. Wajerumani wakafungua kambi ya wagonjwa Shirati, kusini ya Karungu, ng'ambo tu ya mpaka. Uganda peke yake walikufa watu zaidi ya laki mbili, na serikali ikawahamisha waliosalia kando ya maji.

Kaskazini ya Sori, bonde la Lambwe liliachiwa vichaka na mbung'o, na sehemu yake ndiyo leo Hifadhi ya Ruma, wanakoishi swala aina ya korongo wa mwisho wa Kenya. Huko malale yalizuka tena mwanzoni mwa miaka ya 1980, na aghalabu homa ya mwanzo huchukuliwa kuwa ni malaria. Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tishio tena kwa afya ya umma nchini Kenya. Na vitambaa vya buluu na vyeusi, vilivyotiwa sumu ya kuwaua mbung'o, vingali vikitundikwa vichakani.