Viunzi Vinavyoyeyuka Mwilini: Jinsi Pengo la Mfupa Linavyozibwa Baada ya Upasuaji

Mfupa ni miongoni mwa sehemu chache za mwili wa binadamu zinazopona bila kuacha kovu. Ukivunjika na kutulizwa ipasavyo, hujiunga upya kwa mfupa halisi. Uwezo huo, hata hivyo, una mpaka. Pale ajali ya pikipiki inapovunja muundi na kupoteza kipande cha mfupa, au daktari anapolazimika kuondoa uvimbe au mfupa uliokufa kwa maambukizi, pengo linalobaki linaweza kuwa pana kupita uwezo wa mwili kuliziba.

Katika hali hiyo huhitajika kiunzi, yaani kitu kinachojazwa katika pengo ili mfupa mpya upate pa kushika na kukulia. Kazi yake inafanana na ya jukwaa la fundi mwashi, isipokuwa kwamba hakibomolewi: mwili wenyewe hukiyeyusha kidogo kidogo, na nafasi yake huchukuliwa na mfupa.

Sifa za kiunzi bora

Sifa ya kwanza ni kuwa na vitundu vingi vilivyounganika. Vitundu hivyo huwa na upana wa takriban maikromita 100 hadi 500, ili seli zinazojenga mfupa ziingie pamoja na mishipa ya damu inayozilisha. Bila damu, seli zilizo katikati ya kiunzi hufa.

Sifa ya pili ni kasi ya kuyeyuka. Kiunzi kikitoweka mapema, pengo hubaki wazi. Kikikawia mno, huzuia mfupa kukomaa. Sifa ya tatu ni usalama: mabaki yake yasiwe sumu wala yasichochee uvimbe mkali. Aidha, viunzi vingi ni dhaifu, hivyo mzigo wa mwili hubebwa na vyuma au fremu ya nje hadi mfupa upate nguvu.

Aina zinazotumika

Kipimo ambacho vifaa vyote hulinganishwa nacho bado ni mfupa wa mgonjwa mwenyewe, ambao kwa kawaida huchukuliwa kwenye nyonga. Una seli hai na haukataliwi na mwili. Kasoro zake ni kwamba kiasi chake ni kidogo, na mgonjwa hupata jeraha la pili lenye maumivu yake.

Vifaa vinavyotengenezwa viwandani vipo vya makundi makuu mawili. Kundi la kwanza ni madini ya kalsiamu. Salfeti ya kalsiamu huyeyuka ndani ya wiki chache hadi miezi michache. Fosfeti-tatu ya kalsiamu huchukua miezi kadhaa hadi miaka miwili hivi, ilhali haidroksiapataiti, ambayo hufanana zaidi na madini ya mfupa wenyewe, inaweza kubaki kwa miaka mingi. Kundi la pili ni polima, kama zile za asidi ya laktiki na asidi ya glaikoliki. Polima za namna hii ndizo hutengenezewa baadhi ya nyuzi za kushonea zinazoyeyuka zenyewe, ambazo wagonjwa wengi wamekwisha kuzizoea.

Hazina ya pwani ya kusini

Kwa wakazi wa Kilwa, Kilangala na maeneo mengine ya Mkoa wa Lindi, baadhi ya malighafi hizi si ngeni. Jasi inayochimbwa Makangaga, wilayani Kilwa, ni salfeti ya kalsiamu yenye maji. Jasi ikipashwa moto na kupoteza robo tatu ya maji yake, huwa plasta ya Paris. Mwaka 1892, daktari Mjerumani Dreesmann aliripoti kutumia plasta hiyo kujaza mashimo ya mifupa, na hadi leo salfeti ya kalsiamu iliyosafishwa huchanganywa na viuavijasumu ili ijaze pengo na kupambana na maambukizi kwa wakati mmoja.

Matumbawe nayo, ambayo mawe yake yalijenga Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ni kaboneti ya kalsiamu yenye vitundu. Vitundu vya baadhi ya aina zake hukaribiana na vya mfupa. Mwaka 1974 watafiti Della Roy na Sari Linnehan wa Marekani walieleza njia ya kuyageuza kuwa haidroksiapataiti kwa joto na mgandamizo bila kuharibu vitundu hivyo.

Wananchi wazingatie kuwa jasi ghafi na matumbawe ya baharini si dawa. Kifaa cha kupandikizwa mwilini lazima kisafishwe, kipimwe na kuuliwa vimelea kiwandani. Vilevile, kuvunja matumbawe huharibu mazalia ya samaki na kumekatazwa na kanuni za uvuvi.

Huduma nchini

Mgonjwa wa mkoani Lindi huanzia katika kituo kilicho karibu, kisha hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine. Matatizo makubwa hupelekwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996. Udhibiti wa vifaa tiba uko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).

Hata hivyo, hakuna kiunzi kinachofidia kuchelewa. Mvunjiko wenye jeraha lililo wazi unahitaji viuavijasumu na usafishaji wa kitabibu mapema iwezekanavyo, kwa kuwa maambukizi ndiyo chanzo kikubwa cha kupotea kwa mfupa na hata mguu. Jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi, kiungo kifungwe banzi, na majeruhi awahishwe hospitali kabla ya kupelekwa kwa waunga mifupa wa jadi.

Baada ya upasuaji, mgonjwa ana haki ya kuuliza ni kifaa gani kimewekwa, kitachukua muda gani kuyeyuka na lini anaruhusiwa kukanyagia mguu. Aepuke tumbaku, ambayo hupunguza damu inayofika kwenye mfupa, na ahudhurie kliniki zote za picha ya eksirei, kwa sababu kutoweka kwa maumivu si uthibitisho kwamba pengo limeziba.