Upendeleo fiche, au upogo?

"Upendeleo fiche" ndiyo tafsiri ya "implicit bias" inayokuja haraka mdomoni, na nusu yake ya pili siipingi. Fiche ni neno zuri: jambo lipo, linafanya kazi, ila mwenyewe halioni. Kinachonikera ni upendeleo. Kwa Kiswahili, anayependelea anajua vizuri mnofu anamwekea nani. Tena neno hilo humtazama aliyepewa, likamsahau aliyenyimwa.

Na habari hapa ni ya aliyenyimwa. Mwaka 2000 Knox Todd na wenzake walichapisha uchunguzi wa mafaili ya idara moja ya dharura mjini Atlanta, Marekani. Wagonjwa wote walikuwa wamevunjika mifupa mirefu, ya mikono au miguu. Kati ya Wazungu, asilimia 26 hawakupewa dawa yoyote ya kutuliza maumivu. Kati ya Weusi, asilimia 43. Malalamiko ya maumivu yalikuwa yameandikwa kwa kiwango kinachokaribiana katika makundi yote mawili. Yaani mgonjwa alisema, kalamu ikaandika, dawa ndiyo haikufika.

Tuseme ubaguzi? Matokeo ni ya kibaguzi, sina shaka. Lakini takwimu hazisomi moyo wa daktari, na kubagua, kwa wengi wetu, ni kutenga ukijua unatenga. Mwambie daktari wa zamu ya usiku kwamba amebagua, atakuapia, na huenda anaapa kweli. Mazungumzo yanaishia hapo.

Mimi ningechukua upogo, neno la kitu kilichoenda upande na la jicho lenye makengeza. Mzigo hukaa pogo mgongoni mwa punda bila mtu kukusudia, na bado punda anaumia. Upogo fiche, basi, ni akili kulalia upande mmoja pasipo mwenyewe kujua, hasa foleni inapokuwa ndefu na uamuzi ni wa dakika mbili.

Neno likikaa hivyo, hata tiba inabadilika, maana upogo haunyooshwi kwa mahubiri. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2014 kuhusu selimundu, ugonjwa ambao huko huwapata zaidi Weusi na ambao wagonjwa wake hushukiwa mara nyingi kuwa wamefuata dawa za kulevya, unataka mwenye maumivu makali aanze kupewa dawa ndani ya dakika 30 tangu apimwe uzito wa hali yake, au 60 tangu aandikishwe. Hapo muuguzi haulizwi alimwonaje mgonjwa. Anaulizwa dawa ilitolewa saa ngapi, na jibu linaingia kwenye faili.