Jahazi Lisilooza

Hakuna mtepe hata mmoja uliobaki duniani. Kwa karne nyingi mitepe ilibeba boriti, nafaka na abiria katika pwani hii, na leo tuna michoro, picha chache, mifano midogo ya makumbusho na nakala zilizoundwa baadaye. Mbao zake hazikupigwa misumari, zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Tanga lilikuwa mkeka wa miyaa. Yaani chombo kizima kilitoka kwenye miti, na kilipochoka, maji ya chumvi na wadudu walijua la kufanya nacho.

Sasa weka kando yake jahazi jingine. Septemba 2018, kisiwani Lamu, lilishushwa majini jahazi la urefu wa mita 9 hivi, limeundwa kwa takribani tani 10 za taka za plastiki. Mkuku, mataruma, mbao za ubavuni, vyote plastiki iliyoyeyushwa. Nje limevikwa rangi za ndara zipatazo 30,000 zilizookotwa ufuoni (malapa, kama wewe ni wa bara), na ndiyo maana likaitwa Flipflopi. Aliyeongoza uundaji ni Ali Skanda, fundi wa majahazi wa Lamu. Fikiria kazi aliyopewa. Fundi husoma mti: unavyopinda, nyuzi zake zinakoelekea, tawi lipi limeshajikunja lenyewe kuwa taruma. Plastiki haina nyuzi, na haikuwahi kuwa tawi. Hata hivyo jahazi lilielea, tena likasafiri.

Januari 2019 liling'oa nanga Lamu, likashuka na pwani kupitia Watamu, Kilifi na Mombasa hadi Zanzibar, safari ya kilomita 500 hivi. Mwezi haukuchaguliwa ovyo. Januari ni kaskazi, upepo unaosukuma vyombo kwenda kusini. Ukitaka kurudi kwa tanga unangoja kusi. Malindi ilijengwa juu ya hesabu hiyo. Vasco da Gama alipofika hapo Aprili 1498, alipewa rubani na kuondoka kabla mwezi haujaisha, kusi ikianza kushika, na akafika pwani ya India kwa wiki nne hivi. (Shuleni wengi tuliambiwa rubani alikuwa Ibn Majid. Wanahistoria wengi sasa hawakubali. Yaelekea alikuwa Mgujarati, na jina lake limepotea huku la Mreno likibaki kwenye nguzo ambayo watalii wanapigia selfi.)

Ni rahisi kusimulia haya kana kwamba wazee walikuwa wasafi na sisi ndio wachafu. Si kweli. Nenda Gede, karibu na Watamu. Tangu James Kirkman alipoanza kuchimba pale mwaka 1948, mengi tunayoyajua kuhusu mji huo yametokana na vigae: vyungu vilivyovunjika, vipande vya kauri za Kichina, shanga. Hizo zilikuwa taka. Watu walikunywa, kikombe kikavunjika, kikatupwa. Tofauti iko kwenye kiasi, na kwenye kinachofuata. Kigae kimelala ardhini miaka mia tano na hakijamkaba koo kasa yeyote. Plastiki humegeka vipande vidogo, na kuanzia hapo huwezi tena kuiokota. Pale Watamu wako watu ambao kazi yao ni kutibu kasa, na baadhi ya wagonjwa wao wamemeza plastiki au kunaswa na nyavu.

Na tusidanganyane kuhusu tanga pia. Kusafiri kwa upepo kunaokoa mafuta, lakini hakuokoti chupa hata moja. Isitoshe dau la leo si lile la zamani: kamba ni nailoni, tanga mara nyingi ni kitambaa cha kiwandani au magunia ya plastiki yaliyoshonwa pamoja, na maji ya kunywa yamo kwenye jerikeni. Flipflopi ninaiona kama barua zaidi kuliko dawa. Ilikuwa ikitia nanga, watoto na viongozi wanakuja kushangaa, halafu mazungumzo yanaanza. Swali langu ni barua hiyo iliandikiwa nani, kwa sababu aliyestahili kuisoma mara nyingi hakai ufuoni.

Tazama ramani. Mto Nairobi unaingia Athi. Athi ukikutana na Tsavo unaitwa Galana, na mbele zaidi unaitwa Sabaki, halafu unamwaga baharini kati ya Malindi na Mambrui. Mvua zikinyesha bara, maji ya Malindi hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Kwa miongo mingi watu wamezungumzia udongo unaoshuka na mto huo, na ni kweli umebadilisha hata ufuo. Lakini udongo hausafiri peke yake. Hakuna jahazi linaloweza kutoka Nairobi hadi baharini kwa njia hiyo. Maporomoko ya Fourteen Falls pekee yangelivunja. Chupa ya soda inapita.

Serikali imejaribu. Mifuko ya plastiki ilipigwa vita mwaka 2007 na tena 2011 bila mafanikio, ndipo marufuku ya 28 Agosti 2017 ikashika, na faini yake ya hadi shilingi milioni 4. Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zikapigwa marufuku katika mbuga, misitu ya hifadhi na fukwe. Kwa hiyo ukienda Watamu Marine Park, iliyotengwa tangu 1968, mgambo ana haki ya kukuzuia langoni na chupa yako. Sabaki haupiti langoni.

Mwaka 2021 jahazi lile lilibebwa kwa barabara hadi Kisumu, likazunguka Ziwa Victoria, Kenya, Uganda na Tanzania. Ulikuwa uamuzi wa busara kulipeleka bara. Huku Watamu, vikundi vya vijana na akina mama bado vinapita ufuoni na magunia, vinaokota, vinapanga kwa rangi na aina, vinapima kwa kilo. Masika ikianza Nairobi, kuna siku kadhaa za kupumua kabla maji hayajafika.